Sahani za Nyanya Zenye Ukingo wa Dhahabu: Ni za Lini, na Tumuuzie Nani?

SWALI: Nyanya yetu wa Bahati, nje kidogo ya Nakuru, alituachia vyombo vyenye ukingo wa dhahabu: sahani kubwa 11, vikombe 6 na visahani vyake, bakuli mbili za mboga zenye vifuniko (kifuniko kimoja kimevunjika vipande viwili) na birika la chai lenye maua ya waridi. Babu alikuwa mpishi wa setla mmoja upande wa Njoro, nasi tumekua tukiambiwa kwamba walipewa vyote setla huyo alipoondoka wakati wa Uhuru. Mnunuzi wa dhahabu aliyepita hapa ametaja Sh20,000 kwa vyote, akisema dhahabu hiyo ni ya karati 22. Broka wa vitu vya kale naye anasema ni antiki ya miaka mia na zaidi, anataka avipeleke ng'ambo kisha tugawane nusu kwa nusu. Sisi ni dada watatu na hatuelewani. Tuuze? Tumuuzie nani? Nimekutumia picha za chini ya kila chombo.

JIBU: Msiuze bado, dada. Mnunuzi wa dhahabu amewatajia bei isiyo mbaya sana kwa sababu isiyo ya kweli, na broka amewatajia umri ambao vyombo vyenyewe vinaukana.

Nianze na dhahabu, kwa kuwa ndiyo iliyowasha moto nyumbani kwenu. Ni dhahabu kweli. Kiwandani huyeyushwa na kuchanganywa na mafuta ikawa kioevu kizito cheusi, fundi akakipaka kwa brashi ukingoni huku sahani ikizungushwa, kisha sahani ikarudishwa tanuruni kwenye joto la nyuzi 700 hadi 800. Mafuta yanaungua, dhahabu inabaki imeng'ang'ania juu ya glezi, yaani ule utando kama kioo unaofunika udongo wa chombo. Dhahabu hii inayotoka tanuruni ikiwa tayari inang'aa ilianzia Meissen, Ujerumani, karibu mwaka 1830. Kabla ya hapo dhahabu ilitoka tanuruni ikiwa imefifia, na ilibidi isuguliwe kwa jiwe la akiki mpaka ing'ae; kazi ya mikono, kwa hivyo ghali. Viwanda vikubwa viliendelea kuisugua hivyo kwa vyombo vya bei ya juu, na ukiiona utaijua: mng'ao wake ni mpole, na ukiigusa unaihisi ina unene kidogo. Yenu ni ile inayotoka tanuruni ikiwa tayari inang'aa. Kwenye picha ya sahani ya tatu naona dirisha lenu likijionyesha ukingoni kama kwenye kioo.

Sasa piga hesabu nami. Utando wa dhahabu ya aina hiyo huwa na unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya maikroni, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Sahani yenu ina kipenyo cha sentimita 27, basi mzunguko wake ni kama sentimita 85. Mstari wa dhahabu una upana wa milimita 3. Eneo lililopakwa ni kama sentimita 25 za mraba. Zidisha kwa unene huo, kisha kwa uzito wa dhahabu, ambao ni gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo. Unapata miligramu 5. Sahani zote 11 ni miligramu 55. Ongeza vikombe, visahani, bakuli na birika, bado hamfikishi robo gramu. Tuseme nimekosea na utando ni mzito mara tatu ya hapo: bado haifiki gramu moja, na pete nyembamba ya ndoa ina mbili au tatu.

Na hizo karati 22? Karati ni kipimo cha usafi. Maana yake sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu halisi. Haisemi chochote kuhusu wingi wake, na hapo ndipo watu wengi wanapopigwa chenga.

Mbona basi mtu ataje Sh20,000? Kichwani mwake simo, lakini mtu aliyezoea biashara ya dhahabu ya Kakamega, ambako imechimbwa tangu miaka ya 1930, au ya Migori, ananunua chembe zinazopimwa kwenye mizani mbele ya muuzaji. Ukingo wa sahani hauna mizani. Ama hajui, na akishajua atarudi kuteta bei, ama anajua vizuri sana thamani ya lile birika na anatumia neno dhahabu kama chambo. Kwa vyovyote vile, asiwashawishi mkwangue sahani moja "kujaribu". Asidi zinazoyeyusha dhahabu hazichezewi jikoni, na zebaki, inayotumiwa kunasa dhahabu, haifai kabisa kuingia katika nyumba yenye watoto.

Tugeuze vyombo sasa, kwa sababu majibu yenu yamo chini.

Sahani kubwa zina muhuri wa simba aliyesimama juu ya taji, na chini ya taji duara lenye herufi D nne zilizosukana. Hiyo ni Royal Doulton ya Uingereza. Kampuni hii iliruhusiwa kutumia neno Royal mwaka 1901, lakini neno hilo lisiwababaishe: si kwamba sahani zimetoka kwa mfalme au malkia, na kuna viwanda vingi vilivyojiita Royal bila hata jikoni ya mfalme kuvijua. Kilicho muhimu kwenye picha yako ni kitu kidogo ambacho nadhani hukukiona. Kulia kwa simba kuna tarakimu 11. Kuanzia 1928 kiwanda hicho kiliweka namba hapo, 1 ikiwa ni 1928, 2 ikiwa ni 1929, na kuendelea. Chukua 1927, jumlisha 11. Sahani zenu ni za 1938.

Zina miaka themanini na kitu, si mia na zaidi. Hata bila hiyo namba, maneno "Made in England" yangemuumbua broka wenu. Sheria ya ushuru ya Marekani iliyoanza kufanya kazi 1891 ililazimisha bidhaa zinazoingia kule ziandikwe nchi zilikotoka, ndipo viwanda vya Uingereza vikaanza kuandika "England" chini ya vyombo. "Made in England" kwa kawaida ni ya karne ya 20. Na kwa kuwa ametaja antiki, mjue pia upande wa sheria: Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kile kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Vyenu havimo. Akija kuwaomba pesa za "kibali cha makumbusho" ili vitoke nchini, mfungulieni mlango aende zake.

Chini ya muhuri huo huo kuna herufi D ikifuatwa na tarakimu nne. Hiyo ni namba ya mchoro, na D inatuambia jambo lisilofurahisha: hizi ni kauri za udongo wa kawaida, si kaure ya mifupa. Kaure ya mifupa, ile ambayo maduka huiita boni chaina, ina karibu nusu ya uzito wake ikiwa ni majivu ya mifupa ya ng'ombe, na ndiyo nyembamba, nyeupe na ya bei. Uthibitishe mwenyewe. Inua sahani dhidi ya dirisha saa sita mchana, weka vidole nyuma yake. Kwenye kaure utaona kivuli cha vidole. Kwenye hizi hutaona kitu. Kisha geukia lile birika, ondoa kifuniko, tia tochi ya simu ndani: litawaka kama taa ya kandili.

Vikombe vina hadithi nyingine kabisa. Muhuri wake ni shada la majani lenye herufi N katikati, na neno Noritake. Hiyo ni kampuni ya Japani, iliyoanzishwa karibu na Nagoya mwaka 1904. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia herufi iliyokuwa katikati ya shada ilikuwa M, kwa jina la Morimura, nyumba ya biashara iliyoizaa kampuni. N ilianza 1953. Kwa hiyo vikombe havikuzaliwa pamoja na sahani. Vimepishana kwa miaka 15 au zaidi, na vimetoka bara lingine. Kama nyanya alikuwa akivipanga mezani pamoja, ni kwa sababu dhahabu ya ukingoni inavipatanisha machoni.

Birika ndilo limenifanya nitabasamu. Maua ya waridi mekundu, ya manjano na ya pinki, ukingo uliojikunja wenye dhahabu, na chini jina la mchoro: Old Country Roses, Royal Albert. Mchoro huu ulitolewa 1962, ni wa Harold Holdcroft, na ni kati ya michoro iliyouzwa zaidi duniani. Uangalifu unahitajika hapa, kwa sababu mwaka 1962 umeandikwa kwenye muhuri na watu wengi huusoma kama mwaka wa kutengenezwa. Sivyo. Ni mwaka wa hakimiliki ya mchoro, na uliendelea kupigwa chini ya vyombo kwa miongo mingi. Kinachowasaidia ni maneno ya nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 utengenezaji ulihamia Indonesia, na wanunuzi wanapendelea vya Uingereza. Lenu limeandikwa England.

Ile hadithi ya nyumbani sasa inasimama vipi? Nusu tu. Setla kuwa na sahani za 1938 inaingia akilini: mashamba ya Njoro, Molo, Subukia na Solai yalikuwa mikononi mwa masetla wakati huo, na walipoanza kuuza mwanzoni mwa miaka ya 1960 vyombo vingi vya nyumbani viligawiwa wafanyakazi au kupigwa mnada palepale uani. Vikombe vingeweza kuwa vyake pia. Birika lina uwezekano mdogo. Mimi ninahisi nyanya alilinunua mwenyewe baadaye, pengine lile la kwanza lilipovunjika, akachagua linaloendana. Hilo halipunguzi kitu. Ila mkiandika tangazo, msiandike "seti kamili ya setla", kwa sababu mnunuzi anayejua atageuza birika na vikombe, aone alama tatu tofauti, na kuanzia hapo hatawaamini hata mkisema kweli. Na akitokea mtu wa kuwaambia kwamba sahani za 1938 kutoka Njoro lazima zitakuwa za Lord Egerton, yule setla tajiri wa Njoro, eti kwa sababu ndio mwaka alioanza kujenga ngome yake, mcheke kidogo kisha mwombe karatasi. Asili ya chombo huthibitishwa kwa barua, risiti ya mnada au picha ya zamani inayokionyesha mezani. Kama babu aliacha barua ya kazi kutoka kwa mwajiri wake, itafuteni. Hiyo ndiyo ingeongeza kitu kwenye bei.

Hali ya vyombo ndiyo itakayoamua zaidi ya umri. Kwenye picha zako sahani tatu zina nyufa nyembamba za glezi zilizotapakaa kama utando, na ndani yake rangi ya kahawia. Glezi imechoka kushikana na udongo ulio chini yake, chai na mafuta yamepenya miaka yote hii. Usizitie Jik, itazidi kula glezi na doa litarudi. Nane zilizobaki zinaonekana safi, lakini picha hudanganya. Shika kila moja kwa ncha za vidole katikati ya chini, igonge ukingoni kwa ukucha. Nzima italia, yenye ufa itajibu kwa sauti butu. Kisha iinamishe karibu na dirisha mwanga uteleze juu yake, uone mikwaruzo ya visu ambayo ukiitazama wima haionekani. Mwisho, zungusha jicho ukingoni: dhahabu imekatika wapi? Kwenye vikombe tazama pale midomo inapogusa na kwenye mkono wa kikombe. Dhahabu iliyokatika hairudishwi kwa rangi ya dukani. Mtu akiipaka ile ya kopo, inajulikana mara moja, na bei inashuka kuliko ingekuwa imeachwa.

Kuhusu bei. Mkiingia mtandaoni mtakuta sahani kama zenu zimeandikwa dola hamsini. Hiyo ni bei ya anayetamani. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuchuja vilivyokwisha kuuzwa, na ndiyo peke yake ya kusoma. Kuna pia kampuni ya Marekani, Replacements, inayouzia watu kipande kimoja kimoja cha kujazia seti zao. Bei zake ni za duka lenye ghala, si bei mtakayopata nyinyi. Muuza vitu vya kale mwaminifu hulipa theluthi au nusu ya anachotarajia kuuzia, kwa kuwa ana kodi ya duka na anaweza kukaa na sahani mwaka mzima. Na soko lenyewe limelegea. Huko Uingereza na Marekani vijana wanarithi seti kama hizi na hawazitaki, kwa sababu haziingii kwenye mashine ya kuosha vyombo wala maikrowevu, ambamo dhahabu hutoa cheche.

Kwa hivyo haya ndiyo ningeyaomba mimi, hapa hapa Kenya, na ni maoni yangu ya muuzaji wala si orodha rasmi. Birika, kama mdomo na kifuniko havina pengo: anza na Sh10,000, usishuke chini ya 6,000. Sahani nane nzima ziuzwe pamoja, Sh800 hadi 1,200 kila moja. Nane ni meza kamili, kumi na moja ni usumbufu. Kikombe na kisahani chake, Sh700 hadi 1,000. Bakuli lenye kifuniko kizima Sh3,000 au 4,000, kwa kuwa haya ndiyo huvunjika kwanza na ndiyo watu huyatafuta. Sahani tatu za madoa na bakuli la kifuniko kilichovunjika, msiviweke bei, vibaki nyumbani. Jumla inakuja kati ya Sh19,600 na 29,600. Umeona? Zile Sh20,000 zinagusa sakafu ya hesabu yangu. Kama jamaa wa dhahabu angelipa zote papo hapo kwa M-Pesa, asingekuwa amewaibia sana. Lakini wanaokuja na hadithi ya dhahabu aghalabu huanza na bei nzuri, wakapima, wakatikisa kichwa, wakalipa nusu.

Habari za ng'ambo achaneni nazo, ila kwa birika. Sahani moja ya udongo ya ukubwa huo ina zaidi ya nusu kilo; nane na vifungashio vyake zitakula faida kwenye usafirishaji, na zikifika zimepasuka hasara ni ya nani? Mwulize broka swali hilo kabla ya lingine. Anataka mmpe kwa mali kauli, bila karatasi, na mgawane baada ya kuuza kwa bei ambayo ni yeye tu atakayeijua. Akikubali kuandika orodha ya vyombo, bei ya chini ya kila kimoja, tarehe ya kurudisha visipouzwa, na kulipia kitakachovunjika, mzungumze naye. Nadhani hatakubali.

Wanunuzi wenu wa kweli wako karibu: wapambaji wa harusi na sherehe wanaopanga meza za chai kwa mtindo wa zamani, nyumba za wageni za kuzunguka Naivasha na Elementaita zinazopenda sura ya enzi hizo, na watu wa Nairobi wanaokusanya Royal Albert kipande kwa kipande. Wapelekee picha tano za kila aina: mbele, nyuma, muhuri kwa karibu, ukingo kwa karibu, na kila kasoro. Kasoro iliyoonyeshwa mapema haiteti bei mlangoni.

Ugomvi wa dada watatu si wangu, lakini nitagusa unaohusu thamani. Msigawane sahani tatu-tatu na vikombe viwili-viwili kwa ajili ya haki. Vikombe viwili vya Noritake ni vikombe viwili tu. Sita ni seti. Mmoja achukue birika, mwingine sahani, wa tatu vikombe na bakuli, na tofauti mlipane kwa pesa kwa kutumia bei nilizotaja. Au muuze vyote, mgawane shilingi.

Kwa sasa vioshwe kwa maji vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini, kimoja kimoja, mkiwa mmetandaza taulo ndani ya beseni. Majivu, steelwool, limau na siki visikaribie ukingo. Mkipanga sahani weka karatasi kati ya moja na nyingine, kwa sababu mguu wa sahani ya juu ndio unaokwangua dhahabu ya ile ya chini. Kula kwenye zile nane mnaweza siku za wageni, ila chakula chenye ndimu au nyanya kisilale humo, glezi na rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi; zile tatu zenye nyufa zisitumike kwa chakula kabisa. Kifuniko kilichovunjika msikipake supagluu. Vipande vifungwe kila kimoja peke yake na viwekwe pamoja na bakuli lake, maana mtengenezaji mzuri anaweza kuviunga, lakini gundi iliyokauka vibaya humchukua muda mrefu kuitoa kuliko kazi yenyewe.

Kabla hujaandika tangazo, nitumie picha moja zaidi: mdomo wa birika kwa karibu, mwanga ukitoka upande. Ile uliyotuma ina kivuli ncha kabisa, na siwezi kujua kama ni kivuli au ni pengo. Tofauti yake ni kama Sh5,000.